Tuanze na Tulichonacho: Funzo Kutoka Kariakoo

Ndugu msomaji, huenda umewahi kufika Dar es Salaam. Kama hujafika, bila shaka umesikia jina la Kariakoo. Kitenge ulichovaa, sahani yako ya chakula au tochi yako huenda vilipita Kariakoo kabla ya kufika katika duka la kijiji chako.

Katika somo hili tutajifunza jinsi watu wa eneo moja wanavyoweza kupanga maendeleo yao. Tutaanza na Kariakoo. Kisha tutarudi kijijini kwako.

1. Kariakoo ilianzaje?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwachukua Waafrika wengi na kuwafanya wapagazi wa jeshi. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula. Wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wakapiga kambi mahali panapoitwa Kariakoo leo. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Baada ya vita mahali hapo pakawa soko. Mwaka 1975 jengo kubwa la soko lilifunguliwa. Aliyelichora ni Mtanzania, Ndugu Beda Amuli. Paa lake limejengwa kama miavuli mikubwa inayokinga maji ya mvua. Chini ya ardhi kuna sehemu ya kupokea mizigo na kuihifadhi.

Lakini Kariakoo si jengo hilo tu. Ni mitaa mingi yenye maduka, maghala, mafundi, wapagazi na mama lishe. Wanunuzi hutoka mikoa yote ya Tanzania. Wengine hutoka Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro.

2. Nguvu ya Kariakoo ni nini?

Kariakoo hakuna shamba wala mgodi. Kwa nini basi pana fedha nyingi?

Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Bandari iko karibu. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inaanzia Dar es Salaam. Barabara za kwenda mikoani pia zinaanzia hapo.

Sababu ya pili ni kukaa pamoja. Nenda Mtaa wa Uhuru. Utaona maduka ya khanga na vitenge yamepangana, moja baada ya jingine. Mtu anaweza kudhani kwamba wenye maduka wanaharibiana biashara. Sivyo. Mnunuzi kutoka Mbeya anajua kwamba akifika hapo atapata kila aina, na bei atazilinganisha. Kwa hiyo anakuja. Duka moja peke yake lisingemvuta kutoka mbali hivyo.

Sababu ya tatu ni ujuzi na kuaminiana. Muuzaji anajua kitu gani kinatakiwa Songea na kitu gani kinatakiwa Lubumbashi. Anajua ni nani wa kumkopesha mali na ni nani wa kumnyima. Ujuzi huo haununuliwi dukani. Umekusanywa kwa miaka mingi.

Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Mafundi wa Gerezani

Ukitoka sokoni kwa miguu, baada ya muda mfupi utafika Gerezani. Huko utasikia nyundo. Mafundi wanatumia vyuma chakavu, mapipa na mabati. Wanatengeneza majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi, mageti na mashine ndogo.

Nao wamekaa pamoja. Fundi akikosa msumeno, anaazima kwa jirani. Kijana asiyejua kuchomelea anajifunza kwa kumtazama anayejua.

Sasa tufanye hesabu. Huu ni mfano tu. Tuseme jiko moja linauzwa shilingi 10,000. Kama jiko limetoka nchi ya nje, mwenye duka amelinunua huko kwa shilingi 8,000. Shilingi 2,000 tu zinabaki kwetu.

Kama jiko limetengenezwa Gerezani, muuza chuma chakavu anapata shilingi 3,000. Fundi anapata shilingi 5,000. Mwenye duka anapata shilingi 2,000. Shilingi zote 10,000 zimebaki nchini. Watu watatu wamepata riziki badala ya mmoja.

Hapo ndipo penye jambo kubwa. Kariakoo inajua sana kuuza, lakini bidhaa nyingi inazouza zinatengenezwa nchi za nje. Fundi wa Gerezani yuko karibu, lakini mara nyingi hana mtaji, hana mashine nzuri, wala hana hakika ya soko. Tukimwunganisha fundi na muuzaji, wote wawili watapata nguvu zaidi.

4. Mkakati ni nini?

Mkakati ni mpango wa kufikia lengo kwa kutumia nguvu tulizonazo. Mkakati mzuri wa uchumi hauanzi kwa kuuliza, "Wenzetu wana nini?" Unaanza kwa kuuliza, "Sisi tunajua kufanya nini vizuri?"

Tulipata funzo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilitaka kujenga viwanda haraka. Lengo lilikuwa jema. Huko Morogoro kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kuuza viatu Ulaya. Lakini nia na mashine havikutosha. Ngozi nzuri, vipuri na ujuzi wa soko hilo vilihitajika pia. Mashine nyingi zilikaa bure. Viatu havikupata soko Ulaya, na mwaka 1990 kiwanda kilifungwa. Deni lilibaki kwa wananchi.

Si kwamba viwanda vikubwa havifai. Lakini kiwanda ni kama mti. Kinahitaji mizizi mahali kilipo. Mizizi hiyo ni malighafi, mafundi, umeme, barabara na wanunuzi.

Mwaka 1973 lilianzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Kazi yake ni kuwasaidia wenye viwanda vidogo kwa mafunzo, mashine na mikopo. Msaada wa namna hiyo unafaa zaidi pale ambapo watu wameshaanza kazi wenyewe.

5. Nguvu isipotunzwa hupotea

 Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote. Mwaka 2022 kazi ya kulijenga upya ilianza.

Mwezi Mei 2023 wenye maduka waligoma na kufunga maduka yao. Walilalamikia namna kodi ilivyokuwa ikikusanywa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alikwenda kuwasikiliza katika mkutano hapo Mnazi Mmoja.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki.

Mambo haya yanatufundisha kwamba kujua kuuza hakutoshi. Lazima majengo yakaguliwe. Lazima pawe na njia za kuzima moto. Lazima serikali na wafanyabiashara wakae na kuzungumza kabla ya ugomvi. Na lazima kila mtu aweke hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Na kijijini kwako?

Ndugu msomaji, usiseme, "Hayo ni mambo ya mjini." Kijiji chako nacho kina nguvu yake. Huenda ni korosho, mihogo, asali, mikeka, ufinyanzi au useremala. Fanyeni hivi:

Kwanza, orodhesheni kazi ambazo watu wa kijiji wanazifanya vizuri. Andikeni majina ya wanaozijua.

Pili, tafuteni kinachowazuia. Je, ni barabara? Ni vifaa? Au ni lumbesa? Gunia la lumbesa hujazwa kupita kipimo, lakini mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria imekataza lumbesa. Uzeni kwa mizani.

Tatu, ulizeni: je, tunaweza kuongeza thamani kabla ya kuuza? Muhogo unaweza kuuzwa ukiwa unga.

Nne, ungeni kikundi. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii mkaulize masharti.

Tano, mtumeni mwenzenu mwaminifu sokoni kabla ya mavuno. Aulize bei, kipimo na ubora unaotakiwa. Akirudi, aisome taarifa yake mbele ya wote.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi ya kwanza ya mkakati inahitaji karatasi na kalamu tu. Tuanze na tulichonacho.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maduka ya vitenge hukaa mtaa mmoja?
2. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilikosa nini?
3. Katika mfano wa jiko, ni shilingi ngapi zinabaki nchini jiko likitengenezwa Gerezani?
4. Taja kazi tatu ambazo watu wa kijiji chako wanazifanya vizuri. Ni kitu gani kinawazuia kupata faida zaidi?