Hanang Inaweza Kujitegemea Siku ya Dhiki? Sehemu ya Pili: Ghala, Maji na Mlima

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu ardhi: udongo wa volkano, mahindi na maharage ya kata kama Nangwa, ngano ya Basotu, ng'ombe wa Wabarabaig. Tuliona kwamba Wilaya ya Hanang ina uwezo wa kulisha watu wake. Leo tuulize jambo gumu zaidi. Mvua ikigoma, barabara ya Babati–Singida ikifungwa au mlima ukiporomoka, kaya ya Nangwa itaishi kwa muda gani kabla ya kuhitaji lori la msaada?

Tuanze na hesabu. Wanaopanga chakula cha dharura hukadiria nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu sita inahitaji basi kilo 876 kwa mwaka, yaani magunia tisa hivi ya kilo 100, pamoja na kilo 130 za maharage au mbaazi. Ekari mbili zilizopata samadi na mvua ya kawaida zinaweza kutoa mahindi hayo. Kwa hiyo upungufu hauanzii shambani. Unaanza baada ya mavuno, Julai na Agosti, wachuuzi wanapofika vijijini wakati bei iko chini na kila mzazi ana madeni. Gunia linaondoka. Ikifika Januari, mashamba yakiwa bado mabichi, familia ileile inanunua mahindi kwa debe, kwa bei ya juu.

Anayeamua kuhifadhi naye ana maadui wawili. Wa kwanza ni dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye hugeuza gunia kuwa unga. Wa pili ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na huyu haonekani kwa macho. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dawa ya wote wawili huanza na ukavu. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika chache; chumvi ikigandamana kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakishakauka, mfuko usiopitisha hewa huwanyima wadudu pumzi bila dawa yoyote. Lakini mfuko haukaushi mahindi mabichi. Ukifungia unyevu humo ndani, umefungia ukungu.

Nisisitize pia mbaazi. Mwaka 2017 India ilipowekea kikomo mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wengi wa Manyara walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Zao la kuuza kwa soko moja la mbali ni tegemeo dhaifu. Lakini mbaazi huvumilia ukame, hurutubisha udongo na huliwa nyumbani, jambo ambalo pamba au mkonge haviwezi. Kaya inayolima mbaazi na kuzila imejilinda mara mbili.

Mifugo ni akiba, ila ni akiba inayopungua thamani wakati hasa inapohitajika. Ukame ukibana, kila mfugaji hupeleka ng'ombe mnadani siku hiyohiyo. Ng'ombe anashuka bei na mahindi yanapanda. Mwanzoni mwa 2022, Simanjiro, wilaya ya mkoa wetu huuhuu wa Manyara, mifugo ilikufa kwa maelfu. Wazee wa Kibarabaig walikuwa na kinga yao: kuhama. Kinga hiyo ilidhoofishwa tangu miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO lilipochukua takriban ekari 100,000 za malisho kwa mashamba ya ngano yaliyofadhiliwa na Kanada. Mimi naona lile ni kosa la kitaifa ambalo bado halijalipwa. Taifa lilitafuta kujitosheleza kwa mkate kwa kuwanyima watu wengine uwezo wa kujitosheleza kwa maziwa, na hadi leo ngano nyingi tunayokula Tanzania inatoka nje.

Upande wa maji, Hanang ina shida ambayo wageni hawaioni. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji ya chini ya ardhi, na katika maeneo mengi ya ukanda huu kisima kirefu kinaweza kutoa maji maangavu yanayoharibu meno ya watoto na, kwa miaka mingi, mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Bati la mita za mraba 50, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, linakinga lita 28,000 hivi baada ya kutoa yanayopotea. Watu sita wakitumia lita 45 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kiangazi cha miezi sita kinahitaji lita 8,100. Simtanki moja la lita 10,000 linatosha. Ni ghali kwa kaya moja. Kwa shule, zahanati au kikundi cha akina mama cha kuwekeana zamu, linawezekana.

Sasa mlima. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa za El Niño, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, mamia ya nyumba yakaharibiwa. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba volkano haikulipuka. Mwamba dhaifu ulinyonya maji hadi ukashindwa kujishikilia. Ghala lililojaa halikumsaidia aliyelala njiani mwa tope. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ile ingekuwa na mvua za El Niño. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuza taarifa ya taifa kuwa amri ya korongo fulani, usiku fulani.

Alama zinajulikana: nyufa mpya mlimani, miti inayoinama, mngurumo, na hasa kijito kinachopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, maana yake kimezibwa juu. Ukiona hivyo, usikimbie kufuata korongo kuelekea chini. Toka kando, panda ukingo.

Hukumu yangu basi ni kwamba Hanang iko tayari kwa chakula, inaweza kuwa tayari kwa maji, na haiko tayari bado kwa tahadhari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Msomaji wa Nangwa, Endasak au Gendabi, katika mkutano ujao simama uulize: wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani, nani anatazama makorongo mvua inaponyesha usiku, na atatuamsha kwa kutumia nini: kengele, filimbi au kipaza sauti cha msikitini na kanisani? Usikae mpaka majina yaandikwe kwenye muhtasari.