Shomoro Aliyemfungulia Yatima Mlango wa Kazi

Mzazi akimwona mwanawe akishinda chini ya mwembe kutazama ndege, au akirejea nyumbani na mifuko iliyojaa manyoya na konokono, aghalabu humkaripia arudi kwenye daftari zake. Hofu ya mzazi huyo ina msingi. Ada ni nzito, na mtaani hatumjui mtu anayelisha familia kwa kutazama ndege. Ndiyo maana tumeona vyema kusimulia habari za Salim Ali wa Bombay, Muislamu wa India aliyeanza kwa mapenzi kama hayo na akaja kuwa mjuzi mkubwa wa ndege katika nchi yake.

Shaka ya halali na haramu

Salim alizaliwa tarehe 12 Novemba 1896, akiwa kitinda mimba. Alifiwa na baba na mama angali mdogo sana, akalelewa na mjomba wake, Amiruddin Tyabji. Mjomba huyo alipenda uwindaji, na ndiye aliyempa mtoto bunduki ndogo ya upepo. Shomoro aliowaangusha wakawa kitoweo.

Siku moja, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alimwangusha shomoro mwenye doa la manjano kooni. Hakuwa amepata kumwona wa namna hiyo, akaingiwa na shaka kama ni halali kumla. Akampelekea mjomba wake. Mzee naye hakumjua ndege yule, lakini hakumwamuru mtoto amtupe. Alimpa barua ya kumtambulisha kwa W. S. Millard, Mwingereza aliyekuwa katibu wa chama cha wachunguzi wa viumbe pale Bombay. Millard alimtambua ndege, akamfungulia kijana makabati yenye ndege waliokaushwa, akamwazima vitabu na kumpa nafasi ya kujifunza kuchuna na kuhifadhi ndege.

Tuzingatie alichokifanya mjomba. Jibu hakuwa nalo; alikuwa na unyenyekevu wa kumpeleka mtoto kwa mwenye nalo.

Kazi nyingi, mapenzi yale yale

Njia haikunyooka. Masomo ya chuo yalimshinda mwanzoni, akaenda Burma kusimamia biashara ya ukoo ya madini na mbao, na misitu ya huko ikampa ndege wapya wa kuwatazama. Aliporudi Bombay alisoma sheria za biashara na uhasibu, na pembeni elimu ya wanyama. Mwaka 1918 akamuoa Tehmina.

Aliomba kazi ya serikali ya uchunguzi wa ndege, akaikosa kwa kuwa hakuwa na shahada. Mwaka 1926 akapata ajira katika jumba la makumbusho, akiwaeleza wageni habari za viumbe. Baadaye akaenda Berlin kujifunza kwa Erwin Stresemann. Aliporejea mwaka 1930, nafasi yake ilikuwa imefutwa kwa uhaba wa fedha.

Mume na mke wakahamia Kihim, kijiji cha pwani, ambako gharama za maisha zilikuwa nafuu. Karibu na nyumba yao ndege wa jamii ya mnana walikuwa wakifuma viota. Salim aliwatazama kwa miezi, akabaini jambo lililokuwa halijaelezwa vyema: dume hufuma kiota hadi nusu, majike huja kukikagua, na jike akikikubali dume hukikamilisha, kisha huanza kingine kwa ajili ya jike mwingine. Mtu asiye na ajira akawa mwalimu wa wataalamu.

Kisha akajitolea kufanya uchunguzi wa ndege katika dola za wenyeji kama Hyderabad, Travancore na Bhopal, bila kudai mshahara maadamu gharama za safari zinalipwa. Tehmina alifuatana naye porini hadi alipofariki mwaka 1939. Mwaka 1941 Salim alitoa kitabu cha ndege wa India kilichosomwa na watu wa kawaida, na kati ya 1968 na 1974, yeye na Mmarekani S. Dillon Ripley wakatoa kazi kubwa ya juzuu 10. Uzeeni alitetea ardhi oevu ya Bharatpur na msitu wa Silent Valley, uliotishiwa na mradi wa bwawa la umeme. Alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 90. Kitabu cha maisha yake, alichokitoa miaka miwili kabla, alikipa jina la kuanguka kwa shomoro.

Kwetu sisi wazazi

Hatusemi kila mtoto mwenye manati ni Salim Ali, wala hatusemi mapenzi pekee yanatosha. Kukosa shahada kulimfungia mlango mmoja, na mtoto apaswa kulijua hilo mapema. Lakini leo milango ipo. Chuo cha Mweka, mkoani Kilimanjaro, kinafundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu 1963. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha misitu. Hisabati na biolojia anazozikimbia mtoto huyo ndizo zitakazompeleka huko, na ni rahisi kumhimiza azisome akijua zinamkaribisha porini.

Na iwapo mwanao atakujia na mdudu kiganjani akiuliza jina lake nawe hulijui, mwambie hulijui. Kisha mtafutieni, wewe na yeye, anayelijua.