Stara na Kitara: Mtu na Mdogo Wake Mashindanoni

Wazazi wa hapa Nyalikungu hutuuliza: je, binti aweza kushiriki michezo bila kuivua stara yake? Ibtihaj Muhammad na mdogo wake Faizah, Waislamu wa New Jersey, Marekani, wametoa jibu. Mama yao aliupendelea mchezo wa vitara kwa kuwa vazi lake husitiri mwili. Ibtihaj alianza akiwa na miaka 13. Faizah akamfuata, wakafanya mazoezi pamoja na kushindana. Mwaka 2016, Rio, Ibtihaj alikuwa Mmarekani wa kwanza kushindana Olimpiki akiwa na hijabu, na timu yake ikatwaa medali ya shaba. Ndugu wazazi, tusiwazuie mabinti. Tuwatafutie mchezo unaohifadhi heshima yao.