"Fine" si "muzuri" siku zote



Hapa kwetu Kasindi, pesa yoyote ambayo mutu analipa mupakani tunaiita "taxe". Ya DGDA ni taxe, ya parking ni taxe, hata ya kamba iliyofungwa njiani ni taxe. Lakini ukivuka muto Lubiriha na kufika Mpondwe, upande wa Uganda, Kiingereza kinaipa kila pesa jina lake. Sokoni hakuna shida: Wanande na Wakonzo wanasikilizana kwa lugha moja, na Kiswahili kinamaliza yanayobaki. Kiingereza kinakaa kwenye karatasi, na karatasi njo inakamata mutu.

Hiyo niliijua kwa aibu. Nilikuwa finalisti wa sekondari, nimesindikiza mama kuvusha bidoni za mawese. Afisa mumoja akatupa karatasi. "Bameandika nini?" mama akauliza. Niliona neno "fine" na hesabu ya shilingi pembeni, nikakumbuka "I am fine" ya darasani. "Bameandika kama iko muzuri, mama. Ulipe tu." Akatia sahihi, akalipa. Kumbe alikuwa amekubali kosa ambalo hakufanya. Faida yote ya mawese iliishia pale.

Sasa kila siku ya posho ninafundisha watoto wa avenue yetu, na neno "fine" ninalianza mbele ya mengine. Kama ni jina la pesa, maana yake ni faini, "amende" kwa Kifaransa: unalipa juu umevunja sheria. Limetoka mu Kifaransa cha zamani, "fin", ni kusema mwisho. Mutu analipa, maneno yanaisha. Ni ndugu ya "finish", na hata ya "finaliste" wetu. Tangu niwaambie hivyo, watoto hawalisahau tena.

"Tax" ni kodi ya serikali. Hauwezi kuonyesha kitu kimoja ulichopewa mukononi kwa pesa ile. Inaingia mu mufuko wa wote. Kwetu kuna TVA ya 16%, Uganda kuna VAT ya 18%: zote mbili ni "tax". "Duty" nayo ni aina ya "tax", na mupakani ni ile inayolipiwa bidhaa zinazoingia. Kwa hiyo kila "customs duty" ni "tax", lakini si kila "tax" ni "duty". Mutoto mumoja alinikatisha: "Mwalimu, duty si ni kazi ya mutu, kama askari wa zamu?" Ana haki. Neno limezaliwa na "due", kitu unachodaiwa. Askari anadaiwa kazi, muchuuzi anadaiwa ushuru. Deni njo linaunganisha maana zote mbili.

"Fee" ni malipo ya huduma: visa, shule, daktari. Minerval ni "school fees". Musiichanganye na "fée" ya hadisi za Kifaransa, ile haina uhusiano na pesa. "Fare" ni nauli ya pikipiki ao basi, basi, tusipoteze wakati.

Kuna neno lingine ambalo ninawaandikisha mara tatu: "receipt". Ile "p" haisomwi. Ni "reçu" yetu, si "recette", hata kama yanafanana kwa macho. Ninawaambia watoto: mukiona hesabu kwenye karatasi, mutafute kwanza jina la pesa, ndipo muulize "receipt" iko wapi. "What is this for?" inatosha. Ni maneno mane, na mama yangu angeyauliza kama mimi ningeyajua.

Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, tunasikia sana kwamba Kiingereza kitatupa kazi. Pengine. Mimi ninaona kwanza kinaweza kulinda bidoni za mama.

Posho iliyopita, musichana wa darasa la tano aliinua mukono. "Na ile ya kamba, yenye haina receipt, inaitwa namna gani?" Nikachukua chaki, nikaandika "bribe". Akaikopi polepole, akauliza kama ina "e" mwishoni.