Sura ya Nne: Mwenye Shamba Anapomsubiri Kibarua

Miaka ya uhaba wa vibarua, ikikaribia katikati ya Juni, wakulima wa Punjab, kaskazini mwa India, huwahi stesheni ya Ludhiana kuzisubiri treni zitokazo jimbo la Bihar. Abiria wakishuka na mabunda yao hugombewa: huyu ataja ujira, yule aongeza chakula na mahali pa kulala, mwingine hata simu ya mkononi. Punjab hiyohiyo ndiyo iliyotoa wengi wa vibarua waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Sasa ni zamu yake kuwasubiri wa wenzake.

Kazi yenyewe ni kupandikiza mpunga. Miche hung'olewa kitaluni na kufungwa matita, kisha watu hujipanga ndani ya jaruba lililojaa maji, migongo imepinda, wakirudi nyuma hatua kwa hatua huku vidole vikididimiza mche mmoja mmoja topeni. Joto la Juni hupita nyuzi 40. Hulipwa kwa ekari, kisha kundi hugawana.

Sheria ya Punjab ya 2009 ilikataza kupandikiza kabla ya tarehe 10 Juni ili kuokoa maji ya ardhini. Nia ilikuwa njema, lakini tangu hapo kila mkulima anawataka vibarua walewale katika majuma yaleyale.

Na vibarua wamepata kazi pengine. Mwaka 2005 India ilipitisha sheria ya kuihakikishia kila kaya ya vijijini siku 100 za kazi za umma kwa mwaka. Huko Bihar sheria hiyo ilitekelezwa kwa kusuasua, kwa hiyo siipi sifa yote. Ujenzi wa majumba na barabara, naamini, uliwavuta wengi zaidi. Mwanauchumi Arthur Lewis wa Saint Lucia alilieleza jambo hili mwaka 1954: maadamu vijijini kuna watu wengi wasio na kazi ya maana, ujira hautapanda; wakianza kupungua, hupanda.

Neno "uhaba" ni la mwenye kulipa. Upande wa pili wa jukwaa la stesheni, hali hiyohiyo ina maana ya kuweza kukataa, na kwa mtu asiye na shamba hilo si jambo dogo. Namwonea huruma pia mkulima mwenye ekari tatu, kwa kuwa bei ya mpunga wake hapangi yeye.

Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona, na vibarua wakarudi makwao, wengine kwa miguu. Juni wakulima walikodi mabasi kuwafuata Bihar. Ujira wa ekari, uliokuwa takriban rupia 3,000, ulifika 5,000 kwingine. Baadhi ya mabaraza ya vijiji yaliamua kuuwekea kikomo, uamuzi ninaouona wa dhuluma: ujira uliposhuka, hakuna baraza lililokaa kuuinua.

Wakulima wengine walipanda mbegu moja kwa moja kwa mashine, na eneo lililopandwa hivyo likafika karibu hekta 500,000. Lakini jaruba lisilotuamisha maji huota magugu kwa fujo. Kufikia 2022 eneo hilo lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu, na wakulima walikuwa wanaulizia tena treni ya Bihar.