KISU KIKALI NI HURUMA KWA MNYAMA

Sahaba Shaddad bin Aus (r.a.) amepokea kwa Bwana Mtume (s.a.w.) mafundisho ambayo Imamu Muslim ameyaandika katika Sahihi yake. Humo twafunzwa kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika jambo la kutoa roho, na kwamba mwenye kuchinja yampasa anoe kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Watu wengi wayajua mafundisho haya kwa ulimi, lakini ni wachache wayajuao kwa mkono. Nasi, kwa kusema kweli, tulikuwa miongoni mwa wale wa ulimi, mpaka tulipoaibika.

Ilikuwa Sikukuu ya Mfunguo Tatu, katika mtaa wa Bomani mjini Tarime. Tulikuwa na mbuzi mmoja wa dhabihu, na siku ya kuamkia sikukuu tulinunua sokoni kisu kipya, cheupe, king'aacho kama kioo. Hatukukijaribu, tukadhani kwamba kilicho kipya ni kikali. Baada ya Sala tukamlaza mbuzi, tukaelekea Kibla, tukataja jina la Mwenyezi Mungu, tukakata. Kisu kiliteleza juu ya manyoya. Tukakata tena, ikawa kama mtu akataye kamba kwa ukingo wa kijiko. Mnyama alitaabika, na watoto wetu walikuwa wamesimama wakitazama. Mzee mmoja jirani, aliyechinja kwa miaka mingi, alichomoa kisu chake kiunoni, akakimaliza kitendo kwa mpito mmoja.

Jioni tulimwendea nyumbani kwake kumshukuru. “Shikamoo, Mzee.” “Marahaba, wanangu.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nia yenu ilikuwa njema, na jina la Mungu mmelitaja. Lakini mbuzi hakuonja nia yenu, ameonja kisu chenu.” Maneno hayo hayakututoka moyoni. Ndiyo sababu leo twawaandikia habari za kisu: namna ya kukichagua kwa fedha kidogo, namna ya kukinoa, na mipaka ya matumizi yake, nyumbani na porini.

UMASKINI SI UDHURU

Kwanza tuondoe udhuru mmoja. Wako wasemao kwamba kisu kizuri ni cha matajiri. Lakini Sahaba Rafii bin Khadij alipomweleza Mtume (s.a.w.) kwamba huenda wakakosa visu, aliruhusiwa kila kitu chenye kumwaga damu, pamoja na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, isipokuwa jino na ukucha. Tena imepokewa katika Sahihi ya Bukhari habari ya kijakazi aliyekuwa akichunga kondoo wa Kaab bin Malik karibu na mlima wa Sal'i, Madina. Aliona kondoo mmoja yuataka kufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa ukingo wake, na Mtume akaruhusu nyama ile iliwe. Basi kilichotakiwa tangu zamani si uzuri wa mpini wala mng'ao wa bapa, bali makali. Na makali hupatikana kwa kazi ya mikono kuliko kwa wingi wa fedha.

KISU GANI KINUNULIWE

Katika nchi ya Mara, kisu cha mhunzi si kitu kigeni. Wakurya na jirani zao wa upande wa Serengeti wana jamaa za wahunzi, Waturi, ambao tangu kale walifua majembe, mikuki na visu. Siku hizi mafundi wengi wa Afrika Mashariki hufua visu kwa springi za magari yaliyochakaa. Hii si kazi ya kudharauliwa. Chuma cha springi hutengenezwa makusudi kiwe kigumu na kinyumbukacho, nacho huwa na kaboni ipatayo sehemu 6 katika kila 1,000, kiasi kitoshacho kukifanya kishike makali kikipashwa moto na kuzamishwa vizuri. Bati na nondo laini hazina sifa hiyo. Kwa hiyo kisu cheusi cha mhunzi, kisicho na sura ya kupendeza, chaweza kukishinda kile cheupe tulichokinunua sisi. Ila chuma hiki hushika kutu, basi chataka kufutwa na kupakwa mafuta kila baada ya kazi.

Unapochagua, tazama mambo manne.

La kwanza ni ugumu wa chuma. Mwombe muuzaji akuruhusu kupitisha tupa kidogo karibu na mpini. Tupa ikila chuma kwa wepesi kama ilavyo msumari, kisu hicho ni laini, na makali yake hayatadumu hata mnyama mmoja. Ikikwaruza kwa shida au kuteleza, chuma kimeiva.

La pili ni urefu. Bibi Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani aliyechunguza machinjio mengi, yakiwamo ya Waislamu na ya Mayahudi, ameshauri kwamba kisu kipate urefu mara mbili ya upana wa shingo ya mnyama, ili ncha yake isizame katika jeraha. Kwa mbuzi na kondoo, bapa la sentimita 20 hivi latosha. Kwa ng'ombe lisipungue 30. Kisu cha kuchunia ngozi ni kingine, kifupi, chenye tumbo la mviringo, nacho hakifai kuchinjia.

La tatu ni unyofu. Kiinue kisu mbele ya jicho, ukitazame kwa urefu kama atazamavyo seremala ubao wake. Kiwe kimenyoka, tena makali yasiwe na pengo hata moja, kwa kuwa pengo hurarua nyama badala ya kuikata.

La nne ni mpini. Msuka, yaani kile kipande cha chuma kiingiacho mpinini, kiwe kirefu na kimefungwa imara. Kisu kinachocheza mpinini humgeukia mwenyewe mikono ikiloa damu.

NAMNA YA KUKINOA

Mzee wetu alitufundisha kunoa kwa muda wa alasiri moja, nasi twawaandikia kwa taratibu yake.

Tafuta kinoo chenye pande mbili, mkwaruzo na laini. Ukikosa cha dukani, tafuta jiwe la mchanga lenye chembe ndogondogo, ulisawazishe kwa kulisugua juu ya jiwe jingine. Lakini usidanganywe na lile jiwe la sabuni la Tabaka, katika nchi ya Kisii ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambalo hutengenezewa sanamu na sahani. Jiwe hilo ni laini mno, chuma hulila lenyewe. Kwa kumalizia, kitako cha kikombe cha kauri, mahali palipo pakavu pasipong'aa, chafaa sana.

Kiloweshe kinoo maji. Sasa yaja mateleko, na hapa ndipo wengi wakoseapo. Chukua karatasi yenye pembe mraba, uikunje pembe yake nusu kwa nusu, kisha uikunje nusu tena. Pembe nyembamba iliyobaki ndiyo kipimo chako. Kiinue kisu juu ya jiwe kwa kiasi hicho, wala usikibadili mkono ukienda wala ukirudi. Kisu kikilala mno, makali huwa membamba na kuvunjika. Kikisimama mno, huwa butu.

Noa upande mmoja kwanza, kwa upande wa jiwe ulio mkwaruzo, kuanzia mpinini hata nchani, mpaka utakapogusa upande wa pili kwa kidole na kuhisi uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Uzi huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Asiyeufikia ametoka jasho bure. Kisha geuza, unoe upande wa pili vivyo hivyo. Halafu hamia upande laini, ukipunguza nguvu na kugeuza kisu kila mara, mpaka uzi ule utoweke. Mwisho kipitishe juu ya ukanda wa ngozi mara 10 au 20, ukikivuta kwa kurudi nyuma, makali yakifuata na wala yasitangulie.

Kukijaribu, usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Shika karatasi hewani, uikate. Kisu kikali hupita kimya, kisu butu hurarua kwa sauti.

Neno moja la hadhari. Wanoaji wenye mawe ya kuzungusha hufanya kazi ya haraka, nao wengi ni mafundi wazuri. Lakini jiwe la kuzunguka huzaa moto. Chuma kikigeuka rangi ya buluu katika makali, ujue ugumu wake umeungua, na hapo ni kulisaga lile lililoungua lote. Mwombe fundi akichovye kisu majini mara kwa mara, naye hatakasirika.

KISU CHA MWINDAJI

Baadhi ya vijana wetu watauliza: je, kisu cha porini? Sheria ya kuwinda imo katika dini yetu, na Adii bin Hatim aliuliza maswali yake mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Alijibiwa kwamba mnyama aliyechomwa kwa makali ya chombo, na jina la Mungu limetajwa, yu halali. Bali aliyeuawa kwa uzito wa pigo, huyo ni kama aliyepigwa rungu. Tena mnyama akifikiwa yu hai bado, sharti achinjwe. Kwa hiyo mwindaji Mwislamu ambaye kisu chake ni butu ameweka chakula chake katika hatari ya kuwa nyamafu.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo lawahusu sana watu wa Tarime na Mugumu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti imekuwako tangu mwaka 1951, nayo si pori la kuwindwa. Nje yake pia, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka leseni kwa kila awindaye. Hata kuingia hifadhini na panga au kisu bila kibali ni kosa, na wapo waliofungwa Mugumu kwa kosa hilo, wakaacha wake na watoto bila mlezi.

Zaidi ya hayo, nyama nyingi ya porini iuzwayo kwa siri usiku hutoka katika mitego ya waya. Nyumbu hunaswa shingoni, huvuta, waya hukaza, naye hubaki hapo saa nyingi, pengine siku nzima, mpaka afe. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imemtaja aliyekufa kwa kunyongwa miongoni mwa walioharamishwa. Basi nyama hiyo ina makosa matatu kwa pamoja: ni ya wizi mbele ya serikali, ni ya haramu mbele ya dini, na ni ya mateso mbele ya kila mwenye moyo. Isiingie vyunguni mwetu, hata ikiwa rahisi kama maji. Apendaye nyamapori na aitafute kwa njia ya sheria, aulize na jinsi mnyama alivyouawa.

ADABU ZA MWISHO

Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amemkanyaga kondoo huku akinoa kisu, kondoo akimtazama, naye akamkemea kwa kutaka kumwua mnyama mara nyingi. Basi kunoa kuwe jana yake, mbali na zizi. Mnyama asikione kisu, wala asichinjwe mbele ya mwenziwe. Mlaze kwa upole, kisha ukate koo la pumzi na koo la chakula pamoja na mishipa ya damu ya pande mbili, kwa haraka na bila kuinua mkono. Usivunje shingo wala usianze kuchuna mpaka roho itoke. Kazi ikiisha, kioshe kisu, kikaushe, kipake mafuta, kitie alani, kiwekwe mahali pasipofikiwa na watoto. Na kijana asitembee nacho mjini kiunoni kwa fahari, kwa kuwa kisu ni chombo cha kazi, si pambo.

Mwaka uliofuata tulichinja tena pale pale Bomani. Kisu kilikuwa cha springi, cheusi, cha bei ndogo, tulichokinoa sisi wenyewe usiku wa kuamkia sikukuu, na mwanetu mkubwa akitushikia taa. Mbuzi alitulia upesi hata watoto wakauliza kama kazi imekwisha. Mzee wetu alikitwaa kisu, akakitazama makali yake, akakirudisha bila kusema neno. Kwetu sisi hilo lilitosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwahurumia viumbe vyake, ili naye aturehemu. Amin.