Cheo cha Skauti ni Amana

Wanafunzi wa Makurunge wanaojiunga na skauti shuleni huuliza: nitapanda daraja lini? Ndugu zangu, beji hushonwa kwa dakika chache, lakini uongozi hujengwa polepole.

Mwaka 1907 Robert Baden-Powell alifanya kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwagawa vijana makundi manne, kila kundi likiongozwa na kijana mwenzao. Uskauti ulifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na utaratibu huo wa makundi madogo ungalipo.

Ili kupanda daraja, kijana huonyesha kwa vitendo: kufunga mafundo, kutoa huduma ya kwanza, kusoma ramani na dira, kupika kambini. Lakini anayefunga fundo upesi na kumwacha mdogo wake hajui, huyo bado si kiongozi. Mfundishe mpaka aweze.

Nanyi wazazi, msimfanyie mtoto kazi yake ili apate beji haraka. Akikosea, mwacheni ajaribu tena.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Je, kundi lako hufanya kazi vizuri hata usipokuwapo? Basi hapo umepanda daraja.